Siku Nilipobusu Sakafu

Watu wa Andoany husema niliacha utawa. Husema kwa huruma, jambo linaloniudhi zaidi, na wengine huongeza kwamba kazi ile si ya watu wa kwetu, kwamba damu yetu ni ya moto mno kwa shela. Sikuacha. Nilitolewa, na nitaeleza nilivyotolewa, kwa sababu nimechoka kusikia habari zangu kutoka kwa watu ambao hawakuwepo.

Baba yangu alikuwa seremala wa misheni hapa kisiwani Nosy Be, Mmakua, mjukuu wa watu walioletwa kutoka Msumbiji wakiwa watumwa. Alibatizwa akiwa mtoto na alikufa rozari ikiwa mkononi. Mama yangu ni Mwislamu, wa ukoo uliotoka Ngazija, na alimpenda seremala wake hivyohivyo alivyokuwa. Ndugu zake walikaa miaka minane bila kukanyaga kizingiti chetu. Mimi nilibatizwa kwa ajili ya baba na nikafunzwa adabu na mama. Ijumaa nyumba ilinukia udi, Jumapili nilivaa viatu. Tulisema Kisakalava na Kikomoro, Kifaransa kilikuwa cha shule, na Kiswahili nilikipata kwa bibi, mama yake mama, aliyekuwa na vitabu vyake vya dini na maneno yake ya baharini. Sikujua kwamba nyumba yetu ilikuwa ya ajabu mpaka nilipoambiwa na masista wa shule ya misheni.

Mwito wangu haukuja na radi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ninapiga pasi vitambaa vya altare pale shuleni, mkaa unanitoa jasho, nikajisikia ninatakiwa. Ni kama unapoitwa jina lako sokoni: hujui nani ameita, lakini umeshageuka. Sikuona malaika wala mwanga. Niligeuka tu, na tangu siku ile sijageukia kwingine, waseme watakavyosema. Nilimpenda Mungu, na nilitaka kumpa maisha yangu yote, si masazo.

Nilipomwambia mama, alikuwa anapara samaki. Alisema kwa Kikomoro, "Kwa hiyo unakwenda kuwafulia Wafaransa nguo, halafu unaniambia umeolewa na Mungu."

"Siendi kufua, mama. Ninakwenda kuwa sista."

"Haya. Wale masista wa kizungu, nguo zao nani anafua?"

Mama akacheka, akalia, akarudi kwenye samaki wake. Kisha akaniuliza kama mwisho wa yote hayo kuna sherehe, maana yeye harusi ya binti yake hataikosa hata kama bwana arusi haonekani. Nikamweleza: kwanza miaka miwili ya unovisi, yaani ya kujaribiwa, halafu nadhiri za mwaka mmoja mmoja, halafu, baada ya miaka sita ya hizo, nadhiri za daima, na siku hiyo unavishwa pete.

"Pete hiyo nitakuja kuiona," alisema. "Niandikie tu."

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipofika kwenye nyumba ya masista Mahajanga, na kuhusu nguo mama alikuwa amepatia. Masista wa kizungu walikuwa saba, sisi wa huku tulikuwa wanne. Kitabu cha sheria kilikuwa kimoja, kikanisa kimoja, kengele moja; lakini wao walivaa shela nyeusi na sisi nyeupe, wao walikula meza ya dirishani na sisi meza ya karibu na jiko. "Masista wadogo," walituita, hata yule mwenzetu aliyekuwa na mvi kichwa kizima. Wao walifundisha shuleni, waliendesha zahanati, waliandika barua. Sisi tulifua, tulipika, tulilima bustani, na kila Jumatano mchana tulikwenda kwa miguu hadi mtaa wa Tsaramandroso kufundisha katekisimu, kwa sababu jua la saa ile, waliambiana, lingewaumiza wao. Nilivumilia. Nilijiambia ndiyo maana ya kujitoa. Leo naona nilikuwa mjinga wa kujitakia: kila nilichonyang'anywa nilidhani nimemtolea Mungu.

Kazi niliyoipenda ilikuwa kuoka hostia, ile mikate ya altare. Alinifundisha sista mzee kuliko wote, Mfaransa mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi na macho yaliyoanza kufifia. Ni unga wa ngano na maji, basi. Hakuna chumvi, hakuna hamira, hakuna mafuta. Ukitia unga mwingine si hostia tena, na padri hata akisoma maneno yote ya Misa juu yake, mkate unabaki mkate. Kuna koleo la chuma lenye mikono mirefu na vibao viwili vilivyochongwa msalaba. Unavisugua kwa nta, unavipasha juu ya mkaa, unamimina uji mwepesi, unabana, unasali Baba Yetu moja na nusu, na inatoka karatasi nyembamba ya mkate. Unaifunika kwa kitambaa kibichi mpaka kesho yake ilainike, ndipo unakata viduara. Ukiikata ikiwa kavu inapasuka ovyo. Mabaki ya pembeni tulinywea kahawa. Sista mzee alinifundisha kuujua unga kwa vidole, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa haoni tena sawasawa: ngano nzuri inateleza, halafu inashikana. Baada ya miaka miwili aliniachia koleo, na sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Kisha vikaja vita. Ufaransa ilishindwa, Waingereza wakafunga bahari, na meli za unga zikaacha kuja. Mji mzima wa Mahajanga ukala mkate wa vita, wa mchele na muhogo na ngano kidogo ya kudanganyia. Ghalani kwetu kulikuwa na madebe mawili: kubwa la unga wa mkate, huo uliochanganywa, na dogo la ngano tupu kwa ajili ya altare peke yake. Ufunguo alikaa nao Mama Mkuu, kiunoni. Kila Alhamisi alinipimia bakuli moja.

Wiki ya pili baada ya Pasaka, mke wa mkuu wa mkoa alikuja kunywa kahawa na marafiki zake wawili. Mimi ndiye niliyepeleka sinia. Juu yake palikuwa na keki, nyeupe ndani, imeumuka, laini, kitu ambacho Mahajanga nzima haikuwa imekiona kwa mwaka mzima. Yule bibi alisema, "Mama Mkuu, umefanya muujiza." Mama Mkuu akatabasamu na kutazama chini. Mimi nilirudi jikoni nikifikiri tu kwamba harufu ile ilikuwa nzuri.

Alhamisi iliyofuata nilitia vidole kwenye bakuli langu, na vidole vikaniambia mchele. Msichana wa pwani hii hafundishwi unga wa mchele. Nimeutwanga tangu mchi unanizidi kimo. Kila Idi, sikukuu ya mama, tulipika mokari, yaani vitumbua vya huku vya mchele, kwa tui la nazi. Unga wa mchele ni mkavu, una chembe, haushikani. Nikaenda kwa Mama Mkuu, bakuli mkononi.

"Mama, unga huu una mchele."

Hakuinua uso kutoka kwenye barua aliyokuwa anaandika. "Unga huo umetoka kwenye debe la altare."

"Ndiyo, Mama. Lakini una mchele."

"Wewe ndiye mwenye ufunguo?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaoke."

Nikaoka. Hapa ninajilaumu na sitajificha. Nilikuwa na nadhiri ya utii, na nilikuwa nimefundishwa kwamba sauti ya mkuu ni sauti ya Mungu. Nilipaswa kuuliza tangu lini Mungu anaita mchele ngano. Nikaoka, na koleo likagoma: mkate uliganda kwenye chuma, ukatoka na matundu, na siku ya kukata ulimeguka hata ukiwa mbichi. Niliokota vilivyofaa. Wiki tatu nilifanya hivyo, wiki tatu nilikwenda kwake na bakuli, na wiki tatu aliniambia kaoke.

Jumapili ya tatu padri aliinua ile hostia kubwa, akaivunja, nayo ikamwagika. Hostia ya ngano huvunjika kwa mlio mdogo mkavu, kila mtu kanisani huusikia. Hii iligeuka makombo juu ya kitambaa cha altare. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma, nikaona mabega yake yakikaza. Alimaliza Misa. Baadaye, katika sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, aliweka kombo ulimini, akatafuna, akabadilika rangi. Kama ni mchele, basi kwa wiki tatu hapakuwa na Misa halali, si kwenye kikanisa chetu wala kwenye parokia, maana hostia zangu zilikwenda kote. Wakristo wote wale walikuwa wamepiga magoti mbele ya mokari isiyo na sukari. Ilibidi askofu aambiwe. Na askofu angeuliza: nani?

Sasa lazima nieleze desturi moja ya nyumba yetu, maana bila hiyo hutaelewa nilivyonaswa. Kila Ijumaa saa tisa alasiri tulikutana chumba cha kushonea kutaja makosa. Kila mmoja alipiga magoti kwa zamu yake akasema yaliyo yake: nimevunja kikombe, nimechelewa kengele, nimecheka kikanisani. Kisha mwenzako angeweza kukutaja yeye: "Kwa upendo, ninamtaja dada yetu kwa kosa hili." Na ukitajwa hujitetei. Iliandikwa kwenye kitabu cha sheria na tulisomewa kila mwaka. Hata kama ni uongo mtupu, hujitetei. Unainama, unabusu sakafu, unasema ahsante, na Mungu anayeujua ukweli anakuandikia unyenyekevu. Nilikuwa nimeshabusu sakafu kwa ajili ya vikombe ambavyo sikuvivunja na milango ambayo sikuibamiza. Na katika miaka yote ile sikuona hata siku moja sista wa shela nyeupe akimtaja wa shela nyeusi. Haikukatazwa popote. Haikufanyika tu.

Ijumaa ile Mama Mkuu alinitaja yeye mwenyewe. Alisema kwa upole, sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

"Kwa upendo, ninamtaja dada yetu mdogo, aliyechanganya mchele kwenye unga wa altare, kwa kutojua uzito wa jambo lenyewe, kama walivyo watu wake, ambao kwao mchele ni kila kitu."

Nikamtazama. Yeye alitazama kitabu chake. Hapo ndipo nilipoielewa ile keki. Debe dogo lilichotwa kwa ajili ya mke wa mkuu wa mkoa, kisha likajazwa kutoka debe kubwa ili upungufu usionekane. Mdomo wangu ulijaa maneno mpaka meno yakauma. Wenzangu tisa waliokuwa chumbani walijua nilivyokwenda kwake mara tatu na bakuli, maana kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba na maisha yetu hayakuwa na habari nyingine. Sheria inamkataza anayetajwa kujitetea. Haimkatazi aliye pembeni kusema ukweli. Nilisubiri mmoja afungue kinywa. Mmoja tu, wa shela yoyote.

Nikabusu sakafu.

Nilidhani ni kule kubusu kwa kila Ijumaa, kule kwa vikombe na milango. Nilisema ahsante, nikanyanyuka, nikaenda kuosha koleo. Jumatatu padri aliniita barazani na kuniambia amefurahi kwamba nimekiri.

"Sikukiri, Padri."

"Ulibusu sakafu mbele ya jumuiya nzima."

"Hiyo ni sheria yetu. Ukitajwa unabusu."

"Mwanangu, mtu asiye na kosa atabusu sakafu kwa nini?"

Padri huyu alikuwa ameishi na watawa miaka ishirini. Alijua kuliko mimi kwa nini mtu asiye na kosa hubusu sakafu. Ndiye aliyetuhubiria jambo hilo kila Kwaresima, machozi yakimtoka. Leo ninashona nguo ili niishi, na nikikumbuka swali lile sindano bado inanichoma.

Alikuwa na karatasi. Iliandikwa kwa Kifaransa kizuri kwamba mimi, kwa ujinga na bila nia mbaya, nilichanganya mchele kwenye unga wa altare bila wakuu wangu kujua, na kwamba ninaomba radhi. Ilibaki kutia sahihi. Nikitia, alisema, askofu ataridhika, adhabu haitakuwepo, na mwezi wa nane, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, nitaweka nadhiri za daima kama ilivyopangwa. Nisipotia, hicho ni kiburi, na mwenye kiburi havishwi pete. Nadhiri zangu za mwaka zingekwisha siku hiyohiyo na hazingerudiwa. Utauliza kwa nini sikumwandikia askofu mwenyewe. Barua zetu zote zilipita kwa Mama Mkuu, zikiwa wazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikutaka kitu kingine chochote duniani. Sikutaka mume, sikutaka nyumba, sikuwahi kuwaonea wivu walionavyo. Nilitaka kusimama mbele ya altare na kusema "mpaka kufa", na mlango pekee uliobaki wazi ulikuwa wa uongo. Niliomba siku chache za kufikiri. Nikapewa kama mtu anayepewa zawadi.

Nikaenda kwa sista mzee, kitandani kwake, maana siku hizo alikuwa haamki sana. Alinishika mkono kabla sijasema neno.

"Tia sahihi," alisema. "Ninajua si wewe. Mungu pia anajua. Ni karatasi tu, mwanangu, halafu utakuwa wake milele."

"Ulijua si mimi, na Ijumaa ulinyamaza."

"Ningesema nini? Ni Mama Mkuu."

Niliutoa mkono wangu kwenye wake. Wengine sikuwatarajia kitu, kwa hiyo hawakuninyima kitu. Huyu alinipenda, na hakuna aliyeniumiza kama yeye.

Wakati huo mama yangu alikuwa ameshafika mjini. Nilikuwa nimemwandikia siku ya Pasaka, kabla ya mambo haya yote, kwamba mwaka huu ndio wa pete, naye akapanda meli ya mwambao mapema, akihofia kwamba akichelewa vita vitamfungia njia. Alifikia mtaa wa Ampisikina kwa ndugu zake, walewale waliomnunia miaka minane. Siku ambayo padri alitaka jibu, mama naye alikuja kunitembelea, na furushi lake kwapani. Hakuna aliyejua pa kumweka, basi akaketishwa barazani pamoja nasi, akaitazama ile karatasi mezani.

"Wanasemaje?" aliniuliza kwa Kikomoro.

"Wanataka nitie sahihi kwamba nilitia mchele kwenye mkate wao wa sala."

"Ulitia?"

"Sikutia."

"Na usipotia sahihi?"

"Hakuna pete."

Nilidhani atafurahi. Miaka minane alikuwa amesubiri nirudi nyumbani, na huu ulikuwa mlango uliofunguliwa na adui zake wenyewe. Badala yake macho yalimjaa machozi. "Basi fikiri wewe," alisema. "Mimi hawa siwajui. Wewe na Mungu wako mnajuana."

Nilishika kalamu. Sitasema sikuishika. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu la kitawa, wino ukasambaa kidogo kwenye karatasi mbaya ya wakati wa vita. Nikaifikiria sikukuu yenyewe: mkono ni huuhuu, mdomo ni huuhuu. Nitamwambia Mungu ninakupa yote, na cha kwanza kumpa kiwe uongo huu? Nikaiweka kalamu chini.

"Padri, sikutia mchele. Aliyetia anajijua. Siwezi kuanza na Mungu hivi."

Mama Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema neno moja tu: "Kiburi." Halikuwa neno la hasira, ndilo lililonitia hasira. Lilikuwa la mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua siku nyingi. Na sikukuu hawakuingoja. Askofu angenifungua nadhiri, waliniambia, hilo lisinisumbue.

Walinipa robo saa. Shela, kanzu, mshipi, msalaba wa shingoni, vyote vilikunjwa na kuwekwa kabatini. Nikarudishiwa gauni nililokuja nalo, la msichana wa miaka kumi na minane, ambalo halikufunga mgongoni. Mama alifungua furushi lake. Ndani mlikuwa na kitambaa kipya alichokileta ili akivae siku ya pete, bado kina mikunjo ya dukani. Akanifunga nacho mabegani. Sista wa mlangoni alituonyesha njia ya nyuma. Mama hakumwelewa, au alijifanya hakumwelewa, na tukatoka kwa mlango wa mbele. Tulitembea hadi Ampisikina mchana kweupe, kichwa changu wazi na nywele zangu fupi, na mama akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia kwamba ameona harusi nyingi zikiharibika, lakini hii ni ya kwanza kuharibiwa na wanawake wasio na waume.

Tulirudi Andoany. Nilimwomba padri wa hapa asikilize nadhiri zangu, hata faraghani, hata bila pete, siku ileile ya sikukuu. Alikataa, barua ya Mahajanga ilikuwa imemfikia kabla yangu. Sikujua sheria za Kanisa zinasemaje, ila nilidhani nadhiri inataka shahidi. Asubuhi ya sikukuu mama alimaliza sala yake ya alfajiri, bado yuko kwenye mkeka, jua linaanza kuingia dirishani, nikapiga magoti mbele yake nikamwambia ninachotaka.

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi si mtu wa kanisa lenu."

"Masikio yako mazima?"

"Mazima."

"Basi inatosha."

Nikasema kwa Kifaransa, kama nilivyoyakariri maneno yale miaka sita: ufukara, useja, utii, kwa Mungu peke yake, mpaka kufa. Mama hakuelewa hata neno moja. Nilipomaliza alisema Amina, kisha akauliza nimeahidi nini. Nikamweleza. Kwenye utii alinikatiza.

"Kumtii nani sasa?"

"Yeye."

"Ah," alisema. "Afadhali."

Nimeishi hivyo tangu siku ile. Ninashona, ninawafundisha watoto wa jirani sala, ninakaa na wagonjwa ambao ndugu zao wamechoka. Kanisani nina mahali pangu nyuma, na komunyo ninapokea. Hilo hawakuweza kuninyima, maana walikosa dhambi ya kuniandikia. Wanawake wengine hunitaja kwa binti zao kama mfano wa kinachowapata wanaotaka makubwa. Nami huwashonea magauni ya binti hao, na ninayashona vizuri, kwa sababu hasira yangu siipelekei nguo.

Miaka kadhaa baada ya vita, meli kubwa ya kwenda Ufaransa ilitia nanga hapa kwa saa chache, na mtu wa parokia akaja kuniita. Mama Mkuu alikuwa abiria, anarudi kwao kupumzika uzeeni, na ameomba kuniona. Nilikwenda mbio, nyuzi zikiwa bado zimening'inia kwenye nguo. Nilikwenda na furaha, wacha niseme. Nilidhani mtu hashuki kwenye mashua katika umri ule, na mawimbi yale, ila kwa sababu ana neno linalomchoma.

Alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa parokia, amepungua, mwavuli magotini, padri wa hapa amesimama kando yake. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu," alisema, "nimekuombea kila siku. Nilitaka ujue kabla sijaondoka kwamba nimekusamehe."

Nilidhani labda Kifaransa changu kimeota kutu.

"Umenisamehe nini, Mama?"

"Yale ya unga. Na kiburi."

"Nani alilichota debe dogo, Mama?"

Alimtazama padri. Padri alitazama saa. Mikono ya Mama Mkuu ilikuwa bado kwenye yangu, mikavu, myepesi, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, machozi ya mtu mwema anayeaga. Nilimchunguza usoni nikitafuta keki, na haikuwemo. Alikuwa amejisamehe zamani sana, akasahau kwamba kulikuwa na kitu cha kusamehe, na kilichobaki nikawa mimi. Wakaja kumwita mashuani. Nilimtakia safari njema, nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya nguo ya mtu bila kushona hata mshono mmoja.

Padri wa sasa huniambia kwamba mtu aliyempa Mungu maisha yake hawezi kukaa na hasira miaka yote hii. Pengine ni kweli, na pengine Mungu naye ananingoja hapo. Nadhiri zangu ni tatu, nimezishika zote, na mama yangu ni shahidi. Ya nne, ya kumsamehe mwanamke yule, kila asubuhi ninaifikisha mpaka mdomoni, na kila asubuhi ninaimeza. Nilipoteza pete kwa kukataa kumdanganya Mungu. Sitaanza leo.